Usiseme Nshakula

Kwako Raya, mwanangu, uliyelala chumba cha pili na mkono juu ya begi kama mtu anayeogopa kuibiwa ndotoni.

Salamu sikupi, maana tumepeana tangu asubuhi mpaka zimetuchosha. Wala sikuandikii habari za soksi za kwenye ndege, wala za kumpigia nani ukishafika Maskati. Hayo shangazi yako kashayasema yote, na mengine kayarudia. Mimi nnaandika kwa sababu ya swali uliloniuliza leo mchana, nikakujibu juu juu, ukadhani sikulijali.

Ulikuwa unatoka kuanua nguo. Ukasema, "Mama, yule bibi aliyekaa kizingitini kwetu nani? Nimemwambia shikamoo, hata hakuitikia." Mimi nilikuwa pale pale mlangoni nnashona kifungo cha baibui lako. Kizingitini hapakuwa na mtu, Raya. Palikuwa na jua na makubazi yako.

Nikakwambia, "Atakuwa mpita njia." Nimekudanganya. Yule nnamjua. Sijapata kumwona kwa macho yangu hata siku moja, lakini jina lake nnalijua, kazi yake nnaijua, na alichokuja kufuata nnakijua. Siwezi kukuacha uondoke bila ya kukueleza.

Ulikuwa na miaka saba. Baba yako alikwisharudi kwao Tumbatu akaoa, na sisi tulikuwa hapa hapa Jang'ombe, chumba kimoja. Nikapata kazi Mji Mkongwe, kumlea Bi Shemsa. Mzee wa kitandani, hageuki mpaka ageuzwe, yuko peke yake katika nyumba ya ghorofa aliyoachiwa na marehemu mumewe. Watoto wake walikuwa nje, wakituma mshahara wangu na pesa ya chakula chake. Kazi yenyewe unaijua, ndiyo unayokwenda kuifanya kwa watu: kuogesha, kulisha, kubadilisha, na kusikiliza hadithi ile ile kama vile hujapata kuisikia. Watu wanadhani kazi hii mtu huifanya kwa kukosa nyengine. Mimi niliipenda, na mpaka leo naipenda.

Nyumba ile ilikuwa na ngazi ya mawe, nyembamba, yenye giza hata mchana. Siku ya mwanzo tu Bi Shemsa akaniita, "Kazija, njoo unigeuze." Nikamwambia, "Bibi, mimi Mwanahawa." Akaniangalia kwa huruma, kama kwamba miye ndiye niliyepotewa. Kesho yake, Kazija tena. Mzee akishashika jina ndiyo keshashika, utafanya nini? Baada ya muda akiita "Kazija!" mimi naitika "Abee!" na kazi inaendelea.

Halafu wale watoto wakagombana. Walikuwa wanagombania nyumba hiyo hiyo mama yao akiwa yuhai ndani yake, astaghfirullah. Kila mmoja akasema mshahara wa mlezi alipe mwenziwe. Mwezi ukapita bila kitu, nikasema subira. Ukapita mwengine. Utaniuliza kwa nini sikuondoka, nami nakuuliza, ningemwachia nani? Nikiondoka Ijumaa, Jumatatu mzee ana vidonda mgongoni. Hiyo ndiyo kamba wanayotufungia sisi walezi, na wanaotufunga wanaijua vizuri sana.

Nikaanza kujipunguzia. Kilichokuwepo alikula Bi Shemsa kwanza, kinachobaki nakuletea weye, na mimi nikiulizwa nasema, "Nshakula." Neno hilo mwanzoni lina utamu wake, mtu unajiona shujaa. Nilimwambia jirani yetu Bi Mkasi nshakula. Nikamwambia muuza mikate nshakula. Nikafika hadi nikawa najiambia mwenyewe, tumbo linanguruma nalijibu nshakula, kama mwendawazimu.

Hapo ndipo Bi Shemsa alipoanza habari ya ngazini.

Nilikuwa namlisha uji. Akafumba mdomo, akasema, "Huo uliobaki mpelekee yule."

"Nani, bibi?"

"Yule aliyekaa ngazini. Hajala."

Nikatoka, nikatazama. Ngazi tupu, inanuka chokaa iliyolowa. Nikarudi nikasema hakuna mtu. Akakasirika: "Usiniletee ujuvi! Mpelekee." Basi nikatoka na kibakuli, nikasimama nyuma ya mlango, nikaunywa ule uji mimi. Nilikuwa na njaa, Raya. Nikarudi nikasema, "Kashakunywa, anakushukuru."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Yeye anabakisha, mimi natoka, nakunywa nyuma ya mlango, narudi na shukurani za uongo. Mpaka siku moja nimeingia na kibakuli kitupu, akanikazia macho. Macho yake yalikuwa na ukungu, siku zote yanatazama pembeni, lakini siku hiyo yalinitazama mimi barabara. Akasema taratibu, "Mbona anasema hajapewa kitu?"

Kibakuli kiliniponyoka. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Bibi, huyo wa ngazini jina lake nani?"

"Kazija."

"Na mimi je?"

"Weye pia Kazija," akasema, na akacheka kidogo. "Nyinyi nyote Kazija."

Tangu siku hiyo kila nikipanda ile ngazi napanda ubavu ubavu, mgongo ukutani, kama vile nampisha mtu. Sikumwambia yeyote. Ningemwambia nani? Ningeanza kusema habari ya ngazi ningemalizia na habari ya njaa, na njaa ndiyo niliyokuwa naificha.

Sasa ngoja nikueleze habari ya mfuko wetu, maana hujapata kuijua vizuri. Sisi walezi, wa majumbani kwa watu na wale wanaofanya kazi kwenye nyumba za wazee, tulikuwa na mfuko wetu wa dharura. Mwisho wa mwezi kila mtu anatia alichojaliwa. Mwenzetu akipatikana na ugonjwa, au msiba, au kunyimwa mshahara, anapelekewa upesi, bila ya masuali mengi. Aliyeushika ni Bi Saada, huyu huyu unayemjua, wakati huo ana nguvu zake na mdomo wake. Na ili mtu asiaibike, msaada ulipelekwa kwenye jua la utosi, wakati vichochoro vitupu na watu wamejilaza. Pesa zinawekwa ndani ya sahani ya chakula, juu kunafunikwa kawa. Anayekuona atasema jirani kapeleka kitoweo. Wazo zuri, sivyo? Lakini lilikuwa na tundu, na mimi ndiye niliyetumbukia.

Sahani ya mtu hairudi tupu. Umelelewa hivyo, nami nililelewa hivyo. Mtu akikuletea pilau, sahani yake inarudi na chochote, hata ndizi mbili. Na mimi sikuwa na hata ndimu.

Bi Saada alikuja. Sijui nani alimpa habari, wala sijamuuliza mpaka leo. Alipanda zile ngazi, akapiga hodi. Nilimwona kwenye ufa wa mlango, kabeba sahani na kawa, na harufu ya pilau ikaingia mpaka ikanitia kizunguzungu. Nimesimama, mkono kwenye komeo. Nikawa nafikiri, hii sahani nitamrudishia na nini? Wallahi hilo ndilo nililokuwa nafikiri, na mwanangu yuko nyumbani hajala. Akapiga hodi ya pili: "Mwanahawa, weye!" Akapiga ya tatu. Kisha akageuka, maana hodi tatu bila ya jibu mtu hurudi, ndivyo dini ilivyotufundisha.

Nikamsikia anashuka. Katikati ya ngazi akasita, akasema, "Samahani mwanangu, nipishe kidogo nipite." Halafu akaendelea kushuka.

Nikakaa chini pale pale. Kitandani Bi Shemsa alikuwa anatabasamu, anatazama mlango.

Siku chache baadaye Bi Mkasi, ambaye ndiye aliyekuwa akikutazama ukitoka skuli, alikwenda Chwaka kwenye msiba. Hakuwahi kuniambia. Ulirudi ukakuta mlango wake umefungwa na wetu umefungwa, ukaamua kunifuata kazini, kwa miguu, na jua lile. Weye unalikumbuka jambo hili kama homa. Kila mwaka nikisikia unawasimulia wenzio, "Nilipata malaria nikazimia," mimi nanyamaza. Haikuwa malaria.

Mchana ule Bi Shemsa alikuwa hatulii. Ghafla akasema, "Leo wako wawili."

Mimi nilikwishachoka na habari zake, na nilikuwa na hofu mpaka kwenye kucha. Nikaenda nikatia komeo. Nikasimama nasoma Ayatul Kursi. Basi nikasikia nje ya mlango, chini kidogo, sauti nyembamba: "Mama."

Hapa kalamu imenigomea, nimeinuka nikazunguka chumba, nimerudi.

Wakubwa walitufundisha, ukiitwa na sauti ambayo mwenyewe humwoni, kwenye jua la utosi au usiku, usiitike. Ngoja mpaka uitwe mara ya tatu, maana jini haiti mara tatu. Uliniita mara ya pili: "Mama." Na mimi, mamako mzazi, nikasema moyoni, huyo siye, huyo ananiigizia mwanangu. Nikasubiri ya tatu. Ya tatu haikuja. Nikasema alhamdulillah, kaondoka. Nilishukuru, Raya! Nilishukuru kwamba umenyamaza.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nilichosikia ni kitanda kulia. Nimegeuka, Bi Shemsa kakaa. Mtu asiyegeuka mpaka ageuzwe, kakaa wima, kanyoosha mkono, anasema kwa sauti ya mwanamke kijana: "Kazija, mtoto wako anakufa. Mwenzio kampakata, lakini hana cha kumpa."

Nikavuta komeo.

Ulikuwa umelala juu ya vidato, umekunja magoti, midomo myeupe. Na kichwa chako hakikuwa juu ya jiwe. Kilikuwa juu ya kanga, kanga kuukuu, imekunjwa vizuri kama mtu anavyomkunjia mtoto, maandishi yake yamefutika yote. Ile kanga haikuwa yangu wala ya mle ndani. Nilikunyanyua nikaiacha pale pale, na tuliporudi baadaye haikuwepo. Huenda mpita njia aliichukua. Sikuitafuta.

Nikateremka nawe begani, miguu mitupu, nikatoka kichochoroni napiga ukelele. Neno nililokuwa nimelimeza miezi na miezi lilinitoka lote: "Jamani, mwanangu ana njaa! Mwanangu ana njaa, na mimi nna njaa!" Madirisha yakafunguka. Muuza maji ya muwa akaacha mashine yake akaja mbio na bilauri, akakutia matone matone mdomoni. Mwanamke nisiyemjua alinitua weye begani. Mwengine alipanda juu kwa Bi Shemsa bila ya kuulizwa. Nilitegemea nife kwa aibu, sikufa. Nililia tu, na watu wakanipa mkate, nikaula nalia.

Jioni Bi Saada alikuja hospitali. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda chako, akaniangalia.

"Siku ile nilipopiga hodi ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na hukufungua!"

"Sikuwa na cha kukurudishia kwenye sahani, Bi Saada."

Akapasuka: "Sahani! Mwana kwenda zako! Tungemzika mtoto kwa ajili ya sahani?" Akanitukana matusi ambayo sikuandikii, na huku machozi yanamtiririka. Nikamuuliza, siku ile ngazini ulimwomba nani akupishe? Akasema, "Si yule mwanamke aliyekaa kajifunika, kaelekea ukutani? Nilidhani mwombaji." Nikamwambia hapakuwa na mwombaji. Nikamtajia jina la Kazija.

Bi Saada akanieleza. Kazija alikuwa mlezi wa Bi Shemsa kabla yangu. Watoto wale wale walimfanyia yale yale. Kila akiulizwa na wenziwe anacheka, anasema nshakula. Mchana mmoja walimkuta kakaa ngazini, kichwa ukutani, keshafariki, na kwenye fundo la kanga yake mna mkate aliokuwa anampelekea mgonjwa. Bi Saada alisema mfuko ule waliuanzisha baada ya kutoka kumzika, kwa majuto.

Basi mfuko ukatusimamisha. Kodi ya chumba, chakula chako, dawa. Walezi wakawa wanapokezana kwa Bi Shemsa mpaka tulipokwenda kwa sheha wa mtaa, na watoto wake wakapigiwa simu mbele ya watu, wakalipa. Na ile sahani ikafutwa. Tangu siku hiyo msaada unakwenda ndani ya jani la mgomba, maana jani halirudishwi kwa mtu. Ukimaliza unatupa.

Tulimsomea Kazija hitima mle mle ndani kwa Bi Shemsa. Tulipomaliza dua, Bi Shemsa akasema, "Keshatoka hapa." Tukaitikia alhamdulillah. Akatusubiri tumalize, akasema, "Amekwenda kwa mwengine." Hakusema tena neno jengine mpaka alipokufa.

Nimeishi na maneno hayo. Sikukwambia, nikidhani yamepita. Lakini tangu niumie mgongo kwa kumnyanyua yule mzee wa kazini kwangu mara hii, na kazi ikasimama, unajua tulivyokuwa. Wiki iliyopita alikuja mpwawe Bi Saada na jani mkononi, ukampokea mlangoni kwa adabu zako zote, ukamwambia, "Ahsante dada, sisi hatuna shida." Mimi nilikuwa kitandani nasikia. Nikajiona nimelea! Moyo uliniinuka kwa fahari, Mungu anisamehe, badala ya kukuita nikuzabe kofi. Na siku tatu hizi kila nikipakua unasema, "Kula mama, mie nshakula." Sufuria nalijua mimi. Hujala.

Halafu leo ukamwona kizingitini.

Ndipo nilipojua kuwa yule hakunijia mimi. Niliogopa kama sijapata kuogopa, hata siku ya ngazini. Baada ya sala ya Isha nilijikokota na mgongo huu mpaka kwa Bi Saada. Nikasimama mlangoni kwake, nikamwambia mbele ya wajukuu zake, "Nna njaa, na mwanangu ana njaa, na kesho anasafiri." Akasema, "Ahaa! Leo umefunguka mdomo, na uzee huu!" Akanipa. Sikuwa na cha kumpelekea, na sikuomba radhi kwa hilo.

Mwanangu, huko unakokwenda utakuwa ndani ya nyumba ya watu, na mgonjwa wao atakuwa mikononi mwako, na wanaweza wakachelewesha haki yako wakijua huna moyo wa kumwacha. Watafute wanawake wenzio wanaofanya kazi hii. Wapo, na popote walipo wana mfuko wao, hata kama ni wa sarafu. Tia chako mapema, kabla hujahitaji. Na siku ikikufika, sema. Niambie na mimi. Usinipigie simu ukanichekea, mimi nimecheka kicheko hicho, nakijua. Mtu anayeomba kwa sauti watu humsikia, lakini aliyenyamaza hata mamake anaweza akamfungia mlango. Mimi nilikufungia.

Mgonjwa wako akikwambia kuna mtu kakaa mahali hajala, usibishane naye. Jitazame mwenyewe kwanza.

Sasa hivi nimefungua mlango nikatazama kizingitini. Sikuona kitu. Lakini mimi sijapata kumwona, kwa hiyo sijui kama kaondoka au anasubiri tufanye nini. Wali uko jikoni, na samaki nimempasha. Barua hii naitia kwenye begi lako, utaisoma ukiwa juu ndegeni, ambako huwezi kunikimbia. Hivi sasa nakuja kukuamsha. Utaniambia nshakula, na mimi sitokusikia. Tutakaa mbele ya mlango ulio wazi, utakula mpaka nione umeshiba, na mimi nitakula nawe. Amka, mwanangu. Amka tule.

Mamako